Mama aliacha vidonge vya presha akahamia kwenye majani ya barafu kutoka Canada

Wakuu, salamu kutoka Bunia, mkoa wa Ituri, huku mashariki ya Congo.

Leo ninawaletea habari ya majani. Yote yametokea nyumbani kwangu, kwa mama yangu mzazi. Mke wangu Solange amekaa hapa pembeni anasoma ninachoandika, na yeye hana huruma na mtu wa kuongeza chumvi. Kwa hiyo mtapata mboga jinsi ilivyopikwa.

Kiswahili changu ni cha Bunia, kimekaa na Kifaransa muda mrefu. Humu ndani nimejitahidi kuandika kama ninyi. Nikiteleza, mniruke muendelee.

Kwanza mnijue. Mimi ni soudeur, fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, viti vya kanisa. Chuma nakijua. Upande wa majani nilikuwa nayajua sombe, yaani kisamvu, na lengalenga, yaani mchicha, na hayo nayajua yakishafika kwenye sahani.

Mama yangu watu wanamwita Mama Berthe, kwa jina la dada yangu mkubwa. Sisi ni Waalur wa upande wa Mahagi. Mama aliuza samaki karibu maisha yake yote. Alikuwa anashuka Mahagi-Port, kule ziwani, ananunua samaki wakavu, anapandisha magunia kwenye lori na yeye mwenyewe anapanda juu ya magunia mpaka Bunia. Alibishana na madereva na askari wa barrière, vile vizuizi vya barabarani, akatulea hivyo. Sasa magoti yamekataa na anaishi nasi hapa mtaa wa Mudzipela.

Mama ana tension. Ninyi mnaita presha.

Infirmier, yaani muuguzi, wa centre de santé, zahanati yetu, alimwandikia kidonge kimoja kila asubuhi, akamwambia ni cha maisha. Hilo neno "maisha" ndilo lilianza kuharibu mambo. Kwa mama, dawa inakuja, inafanya kazi, inaenda zake.

"Dawa gani yenye haimalizaki kazi?" aliniuliza siku ile tukitoka. "Iko na mukataba?"

Lakini alikuwa anameza. Mimi nanunua, yeye anameza, tension inatulia. Tuliishi hivyo vizuri tu.

Sasa dada yangu. Tunamwita yaya Berthe, maana huku "yaya" ni kaka au dada mkubwa. Aliondoka wakati wa vita. Alipita Uganda, akakaa kambini, baadaye akapelekwa Canada. Anaishi kwenye mji mdogo kaskazini ya Québec, anafanya kazi zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Hajawahi kurudi. Alikuwa anapiga simu Jumapili baada ya misa, kama réseau, yaani mtandao, inakubali, na mama alikuwa anavaa kitenge kizuri kwa ajili ya hiyo simu hata kama haina picha.

Basi, msimu wa mvua mama akapata kikohozi.

Kuna watu wanadhani Congo yote ni joto. Waje Bunia asubuhi na shati la mikono mifupi, tutaongea. Kikohozi kiligoma. Yaya akamsikia mama anakohoa kwenye simu, akasema atatuma kitu.

Hicho kitu kilichelewa sana. Kilitoka Canada na mtu hadi Kampala, kikatoka Kampala na mtu mwingine hadi Mahagi, kikatoka Mahagi hadi kwetu juu ya lori la vitunguu. Ilikuwa bahasha nene ya plastiki. Tulidhani ni nguo. Tukafungua, ni majani makavu.

Niwaelezee hilo jani, maana wengi hamjaliona na mimi nimelitazama kuliko nilivyotaka.

Ni dogo, jembamba, gumu kama ngozi, na kingo zake zimejikunja kwa chini. Ukiligeuza, mgongoni lina manyoya ya rangi ya kutu. Kutu siwezi kukosea. Ukilisugua linatoa harufu kali inayokaribia ile dawa ya kuyeyushia rangi kwenye atelier, yaani karakana yangu, ila ina utamu kidogo kwa nyuma.

Mama aliligeuza na yeye, akapapasa yale manyoya, akasema, "Hata majani ya kule inavalaka sweta."

Yaya alitutumia maelezo kwa vocal, ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Kule wanaliita thé du Labrador, chai ya Labrador. Ni kichaka kifupi, kinakufika magotini hivi, kinaota kwenye matope ya nchi za baridi. Barafu ikianguka inakifunika chote, na kinakaa chini yake miezi mingi bila kupukutisha majani. Barafu ikiyeyuka kinatokea kama kilivyokuwa, halafu kinatoa maua meupe. Mwenzake wa kazini, mama wa makabila ya asili ya kule, ndiye alimpeleka porini wakachuma pamoja.

Alisema watu wa huyo mama wanakunywa hayo majani tangu zamani kwa kikohozi, mafua, kifua kilichobana, kichwa kinachouma. Wengine wanaoshea ngozi inayowasha. Wengine wanayaweka katikati ya nguo ili wadudu wasizitoboe.

Na masharti yake alitoa. Majani kidogo tu kwa kikombe. Maji yachemke peke yake, uyaepue, umwagie juu ya majani, ufunike kidogo, uchuje, unywe. Usiyatokoteshe kwenye moto. Usinywe mengi. Mwenye mimba asiguse.

Mama aliisikiliza hiyo vocal asubuhi na jioni mpaka akaijua kwa kichwa, pamoja na pale katikati ambapo yaya anavuta pumzi. Halafu alifanya kinyume.

Hakuanza siku hiyo hiyo, nisimsingizie. Mwanzo Solange ndiye alikuwa anamtengenezea, kikombe kidogo, kwa masharti. Chai inatoka rangi ya dhahabu, inanukia vizuri. Nilionja. Ukinywa unahisi kifua kinafunguka. Siku chache baadaye kikohozi kikaisha. Sasa kama ni majani yaliyokifukuza au kilichoka chenyewe, mimi siwezi kuapa. Solange anasema ni majani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapo tulipaswa kufunga bahasha na kumshukuru Mungu.

Siku moja nimerudi kutoka karakana nikakuta mama ameketi mbele ya babula, lile jiko letu la makaa, na casserole, sufuria kubwa, juu yake. Ndani majani yanatokota. Maji yamekuwa meusi. Nyumba nzima inanuka kama nimepaka rangi geti sebuleni.

Nikamwambia, "Mama, yaya alisema tusichemshe."

"Berthe anaongeaka kizungu sasa," akasema. "Dawa ya majani inachemshwa mpaka inatoa damu yake. Ile Solange anatengeneza iko maji ya kunawa."

"Lakini ile ilikuponya kikohozi."

"Kikohozi iko kitu kidogo." Akaonja, akakunja uso, akaridhika. "Unaona? Kama haiko chungu, iko chai."

Wakuu, hapa kwetu hiyo ndiyo sheria. Sijui kwenu. Mizizi, maganda, majani, vyote vinatokoteshwa mpaka vitubu. Dawa ikiwa tamu mtu anakuangalia kama umemdhulumu. Kwa hiyo nilimwona mama ana kosa, lakini ni kosa ambalo na mimi nimelelewa nalo. Nikaenda kuoga.

Sikujua kwamba anakunywa kwa ajili ya tension.

Sasa ikafika zamu ya mama kupokea shirika. Shirika ni zile jumuiya ndogo za kanisa katoliki, mamans wa mtaa wanakutana nyumbani kwa mtu, wanasali rozari, wanakunywa chai, wanaongelea watu ambao hawakuja. Kiongozi wao ni jirani yetu Mama Philomène, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe mlimani.

Mama hakuwapa chai. Aliwapa ile nyeusi, kikombe kimoja kimoja, kabla ya kusali, akiwaeleza kwamba imetoka kwa Berthe, chini ya barafu.

Mimi nilikuwa uani napima vipande vya dirisha. Fumbo la kwanza la rozari lilikwenda vizuri. Kwenye la pili nikasikia "Salamu Maria" inapungua sauti. Nikachungulia. Mama Philomène alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja na rozari kwa mwingine, amefumba macho, anaendelea. Mama mmoja alitoka polepole akaenda kutapika nyuma ya jiko, akanisalimia wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Waliobaki walikaa chini kwenye mkeka, hata wale ambao huwa hawakai chini kwa sababu ya viuno.

Walimaliza mafumbo yote. Hilo niwape sifa yao.

Nikasema moyoni hapa imeisha, watamkasirikia mama. Wapi. Nilisikia Mama Philomène anasema, "Hii dawa inasafisha. Mi nasikia inatembea mpaka mu vidole."

Wote wakakubali. Kizunguzungu maana yake uchafu unatoka kichwani. Kutapika maana yake nyongo mbaya imeng'oka. Kesho yake walianza kugonga geti letu na vichupa. Hawakuita hata dawa, waliita "Canada". "Mama Berthe iko? Anigawie Canada kidogo."

Mama alikuwa anagawa na kichwa chake kiko juu. Sikumwona na furaha namna ile tangu aache biashara ya samaki.

Kabla sijaendelea, maana nawajua: siuzi. Msiniandikie inbox. Sina, na hata ningekuwa nayo nisingewapa baada ya kusoma yanayofuata.

Solange ndiye aliyegundua. Mama ndiye huwa ananikumbusha dawa zake zikikaribia kuisha, na ananikumbusha kama mtu anayedai haki. Mwezi ule hakusema kitu. Solange akaenda kuangalia kwenye kopo la maziwa anamoweka vidonge. Plaquettes, yaani pakiti zake, zote zimejaa, hakuna hata kimoja kilichotobolewa.

Nilienda kumkabili. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharagwe. Uso umepauka na mkono unatetemeka kidogo, lakini sauti ni yake.

"Mama, unamezaka dawa?"

"Nakunywaka dawa."

"Dawa ya infirmier."

Akatupa haragwe bovu pembeni. Huku mama humwita mtoto wake wa kiume papa. "Sikiliza, papa. Tension iko nini? Iko moto mu damu. Banasema damu inapanda, sivyo? Kitu yenye inapanda iko kitu ya moto. Sasa hii jani inalalaka chini ya barafu miezi na miezi na haikufaka. Baridi yote ya Canada imeingia mule ndani. Weye uko fundi. Moto na baridi, nani atashinda?"

 Kazi yangu ni moto. Nimezamisha chuma chekundu kwenye maji mara nyingi na najua nani anashinda. Nikatoka nje kumpigia yaya, ingawa haikuwa Jumapili.

Yaya alipokea amelala nusu. Nilimweleza yote. 

"Anaitokotesha?" akauliza.

"Mpaka inakuwa nyeusi."

"Na ile ya tension aliacha?"

"Aliacha."

Akaniambia jambo ambalo hakuliweka kwenye vocal, kwa sababu hakuwaza mtu angefika huko. Hayo majani yana sumu ndani yake. Ukimwagia maji ya moto inatoka kidogo sana, haikudhuru. Ukitokotesha muda mrefu inatoka nyingi. Inaleta kizunguzungu, kutapika, misuli kulegea, moyo kupiga polepole, presha kuanguka. Huyo mwenzake alimwambia kabisa, wazee wenye matatizo ya presha wasicheze nayo.

"Nilituma ya kikohozi," akasema. "Nilituma ya kikohozi tu." Akaanza kulia, na mimi nimeegemea geti la mteja nikamwambia naenda kuimwaga.

Nikarudi ndani nimwage casserole. Nilikuta maharagwe yametapakaa na mama amelala kwenye kizingiti.

Wakuu, hapo sina utani. Nilimwita hakuitika. Mikono ilikuwa ya baridi. Ile baridi aliyokuwa anaisifia ilikuwa imefika kweli, na mimi nilidhani nimempoteza mama yangu.

Tulimpandisha kwenye pikipiki, dereva mbele, mama katikati, Solange nyuma amemshika. Mimi nilikimbia nyuma yao kwa miguu na aproni ya ngozi ya kazi. Watu wa mtaa walidhani nafukuza mwizi, wengine wakaanza kukimbia na mimi. Nilifika centre de santé na msafara.

Infirmier alipima tension, akapima tena. Ilikuwa chini sana. Moyo unapiga polepole kama mtu anayefikiria kabla ya kila pigo. Akamwekea sérum, yaani dripu, akamlaza, akanigeukia.

"Mulimupa produit indigène?" Huku hospitalini ndivyo wanavyoita dawa zote za kienyeji.

"Ndiyo," nikasema. "Lakini ni indigène ya Canada."

Aliacha kuandika akaniangalia. Nikamweleza kila kitu, jina la jani, kutokotesha, shirika, vidonge. Alisikiliza vizuri. Hakunigombeza, labda kwa sababu ya aproni. Alisema jambo jema ni kwamba nimesema, wengi wanaficha na mgonjwa anatibiwa kwa kubahatisha.

Mama alilala pale siku kadhaa. Kwanza moyo ulirudi. Halafu, majani yalipoisha mwilini, tension ikaanza kupanda, maana vidonge alikuwa ameviacha muda mrefu. Ikapanda kuliko zamani. Kwa hiyo tulitoka kwenye hofu ya kuanguka tukaingia kwenye hofu ya kupasuka. Infirmier akasema wazi: akiacha tena, safari ijayo anaweza kupooza au kufa.

Mama akasikia. Akageukia ukutani.

Mchana mmoja nilikaa naye peke yetu. Nilikuwa nimeshika kile kidonge kwenye kiganja na kikombe cha maji. Akakataa, kwa upole, kama mtu anayekataa kiti.

Nilichoka. Nikamwambia, "Mama, unataka kufa?"

"Hapana."

"Sasa hii kidonge imekukosea nini?"

Akakisukuma kwa kidole. "Haina mutu," akasema. "Iko ya pharmacie. Mutu mwenye aliitengeneza hanijue. Ile majani Berthe alikata na mikono yake. Alipiga magoti mu ile matope. Kitu ya mutoto yangu, yenye ameshika, iliingia mu mwili yangu. Kutoka siku alienda, iko ya kwanza."

Wakuu, niliumia. Niseme ukweli wangu wote, niliumia mara mbili. Niliumia kwa ajili yake. Na niliumia kwa ajili yangu, kwa sababu hicho kidonge kina mtu. Ni mimi. Mimi ndiye naenda pharmacie kila mwezi na mikono imeungua.

Nikamwambia hivyo. Nilisema, "Na mimi niko mutu, mama."

Akanishika mkono. "Weye uko hapa," akasema. "Nakuonaka kila siku mpaka nachoka."

Basi hapo nikacheka na yeye akacheka. Lakini kidonge hakumeza.

Yaya Berthe ndiye aliyetoa wazo. Akasema nimwambie mama kwamba vidonge vipya vimetoka kwake Canada. Mimi ninunue hapa hapa, nitoe kwenye boksi, nifunge kwenye bahasha, nilete. Na yeye atakuwa anapiga simu kila asubuhi kuuliza kama mama amemeza dawa "aliyotuma". Asubuhi ya kwetu kule ni usiku, yuko kazini, wazee wake wamelala, ana nafasi ya kuongea.

Sipendi kumdanganya mama. Lakini sipendi zaidi kuchomelea msalaba wa kaburi.

Nikanunua. Nikafunga bahasha ya plastiki kwa scotch nyingi, yaani utepe wa kunata, nikamletea, nikasema imefika na lori la Mahagi. Mama akaipokea kwa mikono miwili. Akaiweka kwenye mapaja, akaikata pole pole na kisu. Kesho yake simu iliita asubuhi, nikamsikia anasema, "Ndiyo, Berthe, nimekunywa. Iko muzuri. Inashuka muzuri."

Akaendelea. Kila asubuhi. Rangi ikarudi usoni. Infirmier akipima anatikisa kichwa kwa furaha, ananiuliza nimetumia mbinu gani, namwambia ni maombi ya shirika.

Kuhusu shirika, Solange aliwaendea mamans wote akawaeleza kwamba Canada ni sumu wakiitokotesha na waimwage. Wengi walimwaga. Mama Philomène alisema sawa, ila kiuno chake hakijamuuma tangu siku ile, na hilo nani atalieleza. Majani yaliyobaki kwenye bahasha Solange aliyaweka kwenye sanduku la nguo. Wadudu hawaingii tena. Hiyo faida nimeiona kwa macho, siwezi kuikataa.

Ningemalizia hapo.

Lakini juzi, wakati namletea mama bahasha nyingine, nilikuwa na haraka, nina mteja anasubiri. Nikamkabidhi, nikasema ile ya kawaida, "Imefika na lori la Mahagi." Nikageuka kuondoka.

"Papa," akaniita. "Kaa."

Nikakaa.

"Mi nilitembeaka ile barabara ya Mahagi miaka mingi. Muzigo yenye imepitia kule iko na vumbi mu kona zote. Hata ukifuta, inabakia." Akaipindua bahasha, safi kabisa. "Na hii scotch ya nyeusi iko ya atelier yako. Unafungaka nayo nyaya za mashini."

Wakuu, nilitazama miguu yangu.

"Kutoka lini unajua?" nikauliza.

"Kutoka ya kwanza."

"Na unamezaka?"

"Namezaka." Akaiweka bahasha kwenye kopo la maziwa, akafunika. "Lakini usimuambie Berthe. Zamani alikuwa anapiga siku ya yenga tu. Sasa anapigaka kila asubui kuuliza kama nimekunywa dawa yake. Akijua najua, ataacha."

Yenga ni Jumapili kwetu.

Kwa hiyo ndivyo tunavyoishi sasa. Yaya anamdanganya mama, mama anamdanganya yaya, mimi nimekaa katikati na scotch, na tension iko sawa.

Nilichojifunza, kwa anayetaka kuondoka na kitu: dawa ya watu wengine ina masharti ya watu wengine, uifuate kama walivyokuambia hata kama haina uchungu. Hilo jani la baridi ni zuri kwa kikohozi likiwa chai, na likitokoteshwa linaweza kukulaza kizingitini. Usiache kidonge cha daktari kwa sababu ya kitu chochote kilicholala chini ya barafu. Na ukifika hospitali, taja ulichokunywa, hata kikikuaibisha.

Sasa naombeni mawazo yenu, hasa mlio ughaibuni na mlioacha wazazi nyumbani. Nimwambie yaya ukweli, au niendelee kufunga bahasha? Solange anasema ninyamaze. Mimi nusu nusu.

Andikeni tu, nitasoma yote. Ila asubuhi msinitegemee, asubuhi simu yangu inakuwa kwa mama.